Nilivyoondoka kwa Treni Nikarudi kwa Lori la Dagaa

Tangu nirudi, kila anayekuja kuchukua nguo yake hapa kibarazani ananiuliza swali lilelile: "Yustina, wenzako wamerudi wametulia kama watakatifu. Wewe ulitangulia wiki nzima, peke yako, juu ya magunia ya dagaa, unanuka mpaka paka wa mtaa wakakufuata. Ulifukuzwa mafungo?" Sikufukuzwa. Nimechoka kusimulia huku nakanyaga cherehani. Juzi nimeshona mkono wa gauni mahali pa kola. Kwa hiyo naandika mara moja tu, kwenye daftari langu la vipimo, na atakayeuliza tena nitampa asome. Mambo ya kujiandikisha na barua za parokia nayaruka, hayana utamu.

Kwanza mjue nilichokuwa nakitafuta, maana wengi mlidhani nimefuata meli. Mama yangu alifariki Ikola miaka sita iliyopita. Habari niliyoletewa ilikuwa hii: "Mama hajisikii vizuri, njoo." Mtu mzima yeyote wa huku kwetu angeelewa. Aliye mbali hapewi msiba mkavumkavu, anaambiwa kuna mgonjwa ili apate nguvu ya kusafiri. Mimi, sijui akili yangu ilikuwa wapi, nikayachukua maneno yalivyo. Nilikuwa na magauni ya watoto wa komunyo ya kwanza, nikajiambia nimalize kwanza. Nilipofika Ikola siku ya tatu, mama alikuwa ameshazikwa. Kaka Deo, kaka yangu wa pekee, fundi wa maboti, alinitazama mbele ya watu wote akasema, "Ulikuwa unashona. Rudi ukashone. Na kaburi la mama usilisogelee."

Nikarudi bila kuliona. Hatukusemezana tena. Na tangu hapo sikupanda kupokea komunyo. Nilikuwa nakaa benchi la nyuma kabisa nikisingizia miguu. Baadhi yenu mlinipa hadi dawa ya kuchua.

Ujumbe unatangulia

Padre Gervas alipotangaza mafungo ya Kwaresima melini, kutoka Kigoma kushuka mpaka Kasanga na kurudi, watu walishangilia meli. Mimi nilisikia kwamba meli inasimama Ikola. Nilikwenda kuungama nikamweleza yote. Akasema, "Mpelekee kaka yako neno aje melini. Mkipatana, hata kwa dakika kumi, utapanda altareni na wenzako."

"Asipokuja, Padre?"

"Utakuwa umemwita."

Jibu hilo halikunisaidia hata kidogo.

Aliyenibebea neno ni Mama Zuhura, yule muuza dagaa wa sokoni mnayemjua, anayefuata mzigo Ikola kwa lori. Barabara ilikuwa imekatwakatwa na mvua za El Nino, lakini Mama Zuhura akisema atafika, anafika. Barua sikuandika, kaka angeichana kabla ya kuifungua. Nikampa maneno ya mdomo: Alhamisi asubuhi meli ya Kigoma ikifika, kaka aje anipokee, nitakuwa na padre. La padre niliongeza mwenyewe, ili kaka aone haya kunitukana mbele yake.

"Huyo kaka yako ni mkali?" Mama Zuhura akauliza.

Nikamweleza alivyo.

"Basi niachie mimi. Watu wenye hasira nawajua, hawaambiwi kitu ghafla. Nitaanza mbali."

Treni yetu ilikuwa iondoke kabla yeye hajarudi. Kwa hiyo niliondoka Mpanda sina jibu, nimebeba kapu la maandazi, rozari, na wasiwasi wa kutosha behewa zima.

Maji juu ya reli

Mlivyotuimbia pale stesheni mlituliza roho, lakini hata Katumba hatujafika nilishaanza kuhesabu yanayoweza kuharibika. Mvua ilikuwa inanyesha. Mbele yangu alikaa mzee mmoja wa Kisukuma, mfugaji kutoka Usevya, anaitwa Mzee Masanja, ana kibuyu cha maziwa ya mgando katikati ya miguu. Alituangalia muda mrefu. Tulikuwa akina mama wengi kuliko wanaume, vitambaa vyeupe kichwani, padre yuko kona anasali.

"Poleni," akasema. "Mnaenda kuzika wapi?"

Bi Veronika, jirani yangu wa kiti, akacheka mpaka akashika mbavu. Mnamjua Bi Veronika wa kwaya, ukimnyamazisha anaumwa. "Hatuziki, mzee. Tunakwenda mafungo. Tutapanda meli tukae kimya siku zote, tusali."

"Mnapanda treni, mnapanda na meli, ili mkae kimya?"

"Ndiyo."

"Kwani nyie nyumbani kwenu hakuna kimya?"

"Kwangu hakuna," akasema Bi Veronika, na hapo alisema kweli.

Karibu na mto Ugalla treni ikasimama. Maji yalikuwa yamepita juu ya reli, ikabidi kusubiri yapungue. Tulisimama tangu asubuhi mpaka jua likapinda. Wanakijiji walitoka na asali kwenye chupa, mihogo ya kuchemsha na mayai. Bi Veronika alikula kwa wawili. Mimi fungu langu nilimsogezea yeye. Mzee Masanja akanimiminia maziwa kwenye kifuniko, nikanywa kwa adabu. Na kwa kuwa alikuwa mtu nisiyemjua na sitamwona tena, nikajikuta namweleza habari za kaka.

Alisikiliza bila kunikatiza. Mwishoni akauliza swali ambalo nilikuwa nalikimbia tangu Mpanda: "Sasa akija, halafu akurudishie maneno yaleyale mbele ya meli nzima?"

"Sijui, mzee."

"Kunywa maziwa," akasema. Alishuka Kaliua, tulipobadilisha treni, akaniachia kibuyu chote. Ndicho kile kilichoning'inia hapa ukutani.

Kigoma, siku mbili zisizo zangu

Tuliingia Kigoma Jumatano, tumechoka, lakini kwa wakati. Nikamshukuru Mungu. Kumbe nimewahi kushukuru. Tukaambiwa ziwa limechafuka, meli haiondoki leo. Kesho yake tukaambiwa vilevile. Padre akatuweka kwenye nyumba ya watawa, tukawa tunapewa wali na migebuka ya kukaanga, samaki watamu ambao wenzangu bado wanawasifia, na mimi nilikuwa nawachambua mifupa tu nikiwaacha sahanini.

Alhamisi ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Asubuhi ile nilikaa ukutani juu ya mteremko, ziwa lote linaonekana, nikawaza: saa hizi kaka, kama amekuja, amesimama ufukweni. Anatazama. Meli hakuna. Atasema, "Dada yangu ni yuleyule, hata kwa miadi yake mwenyewe anachelewa." Simu Ikola hakuna, lori la kesho hakuna, na hata lingekuwepo ningesema nini? Kaka, safari hii si mimi, ni ziwa?

Nililia kwa hasira. Bi Veronika akanikuta, akanipa kitambaa chake. "Kama hakuja, ziwa halijakukosesha kitu. Kama alikuja, atakuja tena," akasema. Ilikuwa hesabu nzuri, ila mimi moyo wangu haukujua hesabu siku ile.

Kimya melini

Ijumaa mchana tukapanda. Nisiwafiche, niliogopa maji pia. Ile ajali ya Ziwa Victoria ilikuwa bado haijatutoka kichwani, na kila meli ilipolala kidogo upande mmoja, rozari zilikimbia vidoleni kama zinafukuzwa. Tulipewa sehemu ya nyuma, juu, chini ya turubai. Padre, amevaa kanzu yake nyeupe, akatangaza kimya kimeanza: hakuna kuongea, hakuna kusalimia, hakuna kukonyezana. Alimtazama Bi Veronika aliposema hilo la mwisho.

Sasa fikirieni meli ya abiria wa kawaida, wenye kuku, magunia na redio za kaseti, na katikati yao watu thelathini na zaidi walionyamaza. Msichana mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniamkia, "Shikamoo mama." Nikainamisha kichwa tu. Akaniamkia tena kwa sauti. Nikatabasamu. Nikamsikia akimwambia mwenzake, "Hawa wamama wa mjini wana maringo!" Iliniuma, maana kumnyima mtoto wa watu marahaba ni kama kumnyima maji.

Baada ya Njia ya Msalaba, akaja mama mtu mzima na sufuria ya uji. Aliwaangalia akina mama waliojiinamia, akamwangalia padre, macho yakamjaa huruma. "Poleni sana na msiba," akasema. Nikatikisa kichwa kumwonyesha hapana, siyo msiba. Akanishika bega. "Najua, mwanangu. Mwanzoni mtu hakubali." Akanimiminia uji kikombe kizima, akaondoka kwa kunyata, na kuanzia hapo abiria wengine wakapunguza redio. Bi Veronika alikuwa amejifunika kitenge usoni, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nayapanga maneno ya kumwambia kaka. Nianze na samahani au na salamu? Nimwamkie kwanza? Nikapanga na kupangua mpaka nikasinzia.

Asubuhi ya Ikola

Jumamosi jua limeshapanda, honi ikalia. Ikola. Gati hakuna, meli inasimama majini na maboti yanaijia. Wale waliowahi kupita wanajua fujo yake: maboti yanashindana, watu wanarushiana magunia, wauza dagaa wanapiga kelele, kila mtu anataka kuwa wa kwanza mlangoni.

Siku hiyo hapakuwa na fujo. Maboti ya biashara yalikuwa yamekaa mbali, yanasubiri, na mbele yao lilikuja boti moja polepole. Ndani mlikuwa na akina mama wamejifunga khanga viunoni. Mbele kabisa aliketi mama mmoja ameshika msalaba wa mbao, mpya, haujapakwa hata rangi. Nikamtambua. Alikuwa mama mdogo Anastazia, mdogo wake marehemu mama.

Mama mdogo, msalaba, khanga viunoni, na kaka simwoni. Nikajua kaka amekufa. Nikajua amekufa Alhamisi, akinisubiri, na mimi nimechelewa tena. Nikashika chuma cha pembeni kwa mikono miwili. Nilitaka kupiga yowe, lakini sauti haikutoka. Si kwa sababu ya mafungo, ilikuwa imekauka tu.

Boti likageuka ubavu kukaribia mlango wa chini. Ndipo nikaona mtu aliyekuwa amefichwa na akina mama, anapiga kasia nyuma. Koti jeusi la marehemu baba, limembana mabegani. Nywele zimeota mvi. Alikuwa kaka Deo, mzima.

Sijamaliza kushukuru, nikamsikia akimwita baharia aliyesimama mlangoni. Sauti yake ilikuwa imepasuka kama ya mtu aliyelia siku nyingi. "Tumekuja kupokea mwili."

"Mwili gani?" baharia akauliza.

"Wa dada yangu. Yustina. Ametoka Kigoma, yuko na padre." Akainua macho, akamwona Padre Gervas na kanzu yake, na sisi nyuma yake tumesimama kimya na vitambaa vyeupe. Kaka akavua kofia. "Si wale pale wanaomsindikiza?"

Nilikuwa hatua chache juu yake. Nilisikia kila neno. Maneno yote niliyoyapanga, samahani na shikamoo, hakuna hata moja lililokuja. Nilimtazama tu mtu ambaye kwa miaka sita niliamini angefurahi nikifa, anavua kofia kwa ajili yangu.

Aliyevunja kimya ni Bi Veronika. Alinishika kiuno akanisukuma mbele, akapaza sauti ya kwaya: "Yustina si huyu hapa! Mzima! Amekula mihogo Ugalla!" Mihogo nilikuwa sijaila, lakini hapakuwa na nafasi ya kusahihisha.

Mama mdogo alipiga yowe, msalaba ukaanguka majini. Akina mama wawili wakajificha nyuma ya wenzao. Kaka aliniangalia, kasia likamponyoka, akakaa chini kwenye maji ya ndani ya boti na koti la baba. Kisha akafunika uso kwa kofia, na hapo sauti yangu ikarudi.

"Kaka! Ni mimi! Nilisema uje unipokee tu!"

"Mtu anaitwa hivyo?" akalia kwa hasira. "Anakuja mama wa watu, anakataa kukaa mpaka mimi nikae. Anaomba maji, hanywi, ananipa mimi. Ananiuliza kama nimekula. Ananiuliza kama kuna mzee yeyote karibu. Ndipo ananiambia dada yako anakuja na meli, kampokee, padre yuko naye. Wewe ungeelewa nini?"

Ningeelewa nini? Mimi ndiye mtu pekee duniani ambaye angeelewa maneno yalivyo, na ndiyo sababu tulikuwa hapo tulipo. Baadaye, nikirudi Mpanda juu ya lori lake, Mama Zuhura aliniapia kwamba kaka alimsikiliza kimya, akajibu "nimeelewa, asante", lori likapiga honi, naye Mama Zuhura akaondoka akidhani ile ni hasira.

Padre alikuja akasimama kando yangu. Nilidhani atanikemea kwa kuvunja kimya. "Shuka," akasema.

"Na mafungo, Padre?"

"Mafungo gani tena unayoyataka? Shuka, meli isije ikaondoka nawe."

Msiba wenye marehemu

Nikateremka mlango wa ubavuni, mabaharia wakanishusha botini kama gunia la chumvi. Kaka akanishika mkono nisianguke, akauachia upesi. Akapiga kasia. Karibu na ufukwe akasema bila kunitazama, "Umenenepa. Kaburi nililochimba usingeingia."

Nikacheka, nikalia, vyote pamoja. Mama mdogo akanifinya paja, nadhani kuhakikisha kama nina nyama kweli.

Nyumbani kwa kaka kulikuwa na turubai, majamvi, na masufuria matatu motoni. Msiba wangu ulikuwa umekaa tangu Alhamisi. Watu waliolala nje siku mbili kwa ajili yangu walinipa mkono mmoja mmoja, hawajui waseme pole au hongera. Katekista alifunga kitabu chake cha mazishi akakifungua kwenye zaburi ya shukrani. Nikawekewa ugali, maharage na dagaa, na hapo ndipo njaa yangu ya wiki nzima iliponirudia. Nilikula chakula cha matanga yangu mpaka nikaongezwa.

Lakini mama mdogo hakutulia. "Na lile shimo?" akauliza. Huku kwetu mnajua: kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, wala haliachwi wazi, litatafuta mtu. Huzikwa mgomba. Kaka akachukua panga, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na shina la mgomba begani. Akina mama wakalifunga shuka ile iliyokuwa iwe sanda yangu.

"Liko wapi hilo kaburi?" nikauliza.

Kaka akatangulia. Nikafuata nyuma ya shina langu la mgomba, katikati ya watu waliokuwa wanaimba nusu na kucheka nusu. Tulipofika nikaona kaburi la zamani lenye msalaba wa chuma na jina la mama. Lile jipya lilikuwa ubavuni pake, karibu kiasi kwamba udongo wake ulikuwa umemwagikia la mama. Wale watu wote walikuwepo siku aliponiambia nisilisogelee kaburi hili, na wote walikuwa wameona mahali alipochimba langu.

Wakaushusha mgomba. Katekista akaangalia huku na huku, hajui nani aanze, maana kwa kawaida anayeanza si marehemu. Kaka akachota udongo kwa koleo, akaja nao mpaka mbele yangu.

"Anza wewe," akasema. "Ule wa mama hukuuwahi."

Nikauchukua kwa mikono miwili. Nikautupa, na sikuwa naangalia mgomba.

"Mama," nikasema, "nimechelewa."

Kaka akachota koleo la pili. "Umefika," akasema, akatupa.